Mbwa Aliyeandikwa Bulawayo

Siku ya pili ya maonyesho ya mbwa yaliyofanywa mjini Bulawayo mwaka 1922, walikutana uwanjani walowezi kadha wa kadha wa Rhodesia ya Kusini, kila mmoja ameshika kamba ya mbwa wake, kwa shauri aliloliitisha Bwana Francis Richard Barnes, mkazi wa Figtree, mahali palipo kusini-magharibi ya mji huo katika njia ya reli iendayo mpaka wa Botswana ya leo. Shauri lenyewe lilikuwa la kutafuta kauli moja juu ya umbo la mnyama ambaye kila aliyehudhuria alidai kwamba anamfuga na kumjua. Mbwa waliozidi ishirini wakapitishwa mbele ya Bwana B. W. Durham, mwamuzi wa mbwa wa kila namna, ambaye miaka mingi baadaye ndiye aliyeacha ushahidi ulio bora wa yaliyotukia siku ile. Wote waliitwa kwa jina moja, mbwa wa simba; lakini lau angalipita mgeni asiye na habari, angalidhani wameokotwa mmoja mmoja katika nyumba zisizojuana, maana palikuwa na mrefu aliyekaribia kimo cha Great Dane na mfupi asiyempita bulteria, na rangi zilikuwa zote zilizopata kuonekana juu ya mbwa, ingawa wekundu na wenye marakaraka ya kahawia ndio waliokuwa wengi. Alama iliyowakusanya chini ya jina lile ilikuwa moja: katikati ya mgongo, toka mabegani hadi karibu na nyonga, ulipita mstari wa manyoya yaliyolala kinyume cha mengine yote, yakielekea kichwani ilhali wenziwe huelekea mkiani.

Kazi ilipoanza, ndimi zikawa nzito. Kila mwenye mbwa aliitakidi kuwa wake ndiye asili na wengine ni matawi yaliyopinda, kwa hiyo hapakuwa na aliyetaka kutangulia kusema, asije akamhukumu mbwa wake kwa kinywa chake mwenyewe. Hatimaye mtazamaji mmoja akatoa rai kwamba Bwana Durham atwae mbwa mmoja na kutaja kimo na umbile la mwili; mwingine akaonyesha mbwa wa pili kwa kichwa na shingo; wa tatu akapendekeza miguu na nyayo za mbwa mwingine tena; na hivi hivi, kiungo hapa na kiungo pale, kwa kutumia mbwa watano hivi, mwamuzi akajenga kwa maneno mbwa mmoja kamili, na Bwana Barnes akamtia katika maandishi. Msomaji na aizingatie vyema hali hii. Mbwa aliyeandikwa siku ile hakuwapo uwanjani, na hakuwa amezaliwa. Watano walimchangia viungo, na hata hao watano kila mmoja alikuwa na kiungo kimoja cha kusifiwa na vingine vya kusamehewa. Waliosalia wakarudi makwao na wenyewe hali wamekwisha kuwa, kwa hukumu ya karatasi, wanyama wenye kasoro.

Hiyo ndiyo asili ya chama cha mbwa aitwaye Ridgeback wa Rhodesia, chama ambacho hata leo vyama vingine vya mbwa huyo, katika mabara yote, hukiita chama mzazi. Barnes alikuwa amempata mbwa wake wa kwanza wa jamii hii, aitwaye Dingo, mwaka 1915, na huko Figtree alifuga na kuzalisha kwa jina la Eskdale, jina ambalo wenye kufuatia nasaba za mbwa hawa hulikuta kila wanapopanda ngazi za babu na babu wa babu. Alikuwa mtu wa taratibu, na alipoketi kuandika sifa za mbwa wa chama chake hakutaka kubuni kila neno. Alitwaa maelezo yaliyokwisha kukubaliwa ya mbwa wa Dalmatia, yule mweupe mwenye madoa meusi ambaye kazi yake katika Ulaya ilikuwa kukimbia kando ya magari ya farasi ya mabwana wakubwa, akayageuza pale palipostahili kugeuzwa. Sheria ya mbwa wa simba, basi, imeshonwa kwa nguo ya mbwa wa msafara wa makabaila, na pengine ndiyo sababu Ridgeback wa leo ana mwendo wa madaha kuliko ulivyohitajiwa porini. Mwaka 1926 umoja wa wafuga mbwa wa Afrika Kusini ukaidhinisha maandishi yale, na tangu hapo mbwa akawa na cheti.

Lakini mgongo ule una historia iliyotangulia cheti kwa muda mrefu. Wazungu wa kwanza waliofanya makazi katika Rasi ya Tumaini Jema waliwakuta Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo wa nchi ile, wakifuatana na mbwa ambao waandishi wa wakati huo hawakuwa na neno zuri la kuwaambia. Waliwataja kuwa na umbo la bweha, masikio yaliyosimama, wenye sura mbaya ila waaminifu na wakali katika ulinzi. Na baadhi yao walikuwa na manyoya ya uti wa mgongo yaliyogeuka kuelekea mbele. Hakuna jina hata moja la Mkhoikhoi aliyemzalisha mbwa wa namna hiyo lililohifadhiwa katika vitabu vya nasaba. Wakulima wa Kiholanzi, walioleta mbwa zao wakubwa kutoka Ulaya na kuwaona wakifa kwa kupe na homa na joto, waliwachanganya na mbwa wa wenyeji, na mstari ule ukapita toka kizazi hadi kizazi bila ya mtu kuulazimisha, kwa sababu ni sifa ambayo mzazi mmoja tu akiwa nayo yatosha kuiacha kwa watoto wengi. Ajabu nyingine ni kwamba mbali kabisa na Afrika, katika Siam ya kale na katika kisiwa cha Phu Quoc cha Vietnam, wako mbwa wenye mgongo kama huo huo.

Jinsi damu hiyo ilivyofika Bulawayo ni hadithi ambayo wafugaji huisimulia kwa mapenzi. Palikuwa na mmisionari aitwaye Charles Helm, wa jumuiya ya misheni ya London, aliyekaa Hope Fountain, karibu na mji mkuu wa Mfalme Lobengula wa Wandebele. Katika miaka ya 1870 alifika huko kutoka kusini na mbwa wawili wa kike, wenye manyoya ya kukwaruza na rangi ya kijivu iliyokoza, waitwao Lorna na Powder. Na wawindaji waliopita kituoni pake, wakiwa njiani kwenda au kutoka katika pori la tembo, waliwaona wakawatamani. Nyumba ya Helm ilikuwa ni stesheni, posta na baraza la kila msafiri wa nchi ile, na mwenyeji wake alikuwa ni mtu aliyeaminiwa na pande zote. Ndiyo maana mwaka 1888, wajumbe wa Cecil Rhodes walipokwenda kwa Lobengula kutaka haki ya madini, Helm ndiye aliyekuwa mfasiri. Aliandika baadaye kwamba wajumbe waliahidi kwa mdomo kutoleta watu weupe zaidi ya kumi kuja kuchimba, na ahadi hiyo haikutiwa katika hati. Miaka mitano tu baadaye majeshi ya kampuni ya Rhodes yaliingia Bulawayo, mfalme akiwa amekwisha kukimbia. Nimeitaja habari hii, ingawa si ya mbwa, kwa sababu katika nchi ile karatasi ilikuwa na tabia ya kushinda kilichosemwa na kilichoonekana, na waliokutana kwenye maonyesho ya mwaka 1922 walikuwa watoto na warithi wa mazoea hayo.

Aliyewageuza mbwa wa Helm kuwa ukoo alikuwa Cornelius van Rooyen, mwindaji mkubwa aliyefanya makao yake Mangwe, na aliyefariki mwaka 1915. Yeye hakuwa na habari ya chama wala ya uzuri. Alitwaa mbwa wenye mistari akawachanganya na mbwa wowote waliopita mikononi mwake ambao walimwonyesha mbio, au pua, au moyo, na asiyefaa hakudumu, kwani simba mwenyewe ndiye aliyekuwa mwamuzi. Watu wengi hudhani mbwa wa simba ni mbwa anayemuua simba, nao ni udhanifu ambao mbwa mmoja tu angeupokea, na kwa mara moja tu. Kazi yao ilikuwa kumtafuta, wawili au watatu pamoja, na wakisha kumpata kumzunguka, huyu akimrukia mbele na kurudi kabla ya kofi, yule akimbughudhi nyuma, wakimzuia asiondoke na asishambulie kwa dhati, mpaka mwenye bunduki awasili. Mbwa mzito aliuawa kwa sababu hakuwahi kurudi, na mwoga hakusaidia. Aliyeishi ni yule mwepesi mwenye ushupavu wa kiasi, anayejua kwa tabia yake hatua ngapi zamtenga na ukucha.

Miongoni mwa wawindaji waliofuatana na van Rooyen alikuwamo Frederick Courteney Selous, ambaye wasomaji wa Tanzania hawana haja ya kuelezwa jina lake. Mwindaji huyu, akiwa mzee wa miaka 65 katika sare ya jeshi la Kiingereza, aliuawa kwa risasi ya Wajerumani huko Behobeho, katika bonde la Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake lingali huko huko. Na mwaka 1922, mwaka ule ule ambao rafiki za mbwa walikutana Bulawayo, pori la akiba lililopazunguka mahali hapo likapewa jina lake, hata ilipofika mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo katika mwaka mmoja wawindaji wale wa zamani walipata kumbukumbu mbili, mmoja kwa pori na mwenziwe kwa mbwa, nayo ni dalili ya kuwa zama zao zilikuwa zimekwisha. Watu hawaanzi kuweka kumbukumbu za kitu wakati kingali kinawashughulisha kila asubuhi.

Hapa sina budi kuingiza neno la mtu wa pwani, kwa sababu naona baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja nyuso kwa makala nzima ya mbwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea miji yetu yote toka Barawa hadi Kilwa, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, na mwenye kumfuga bila ya haja hulaumiwa. Lakini fikihi hiyo hiyo, ikifuata Sura ya Al-Maida, imemhalalishia Mwislamu windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na wanazuoni wakazibainisha sharti zake: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile, na mwenyewe awe amelitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kumwachia. Na mbwa wa watu wa pangoni, Ashabul Kahf, amekumbukwa katika Kitabu kwa kulala kizingitini amenyosha miguu yake ya mbele. Nimezipima sharti hizi na zile za Bulawayo, nikaona tofauti iliyo kubwa. Mwanachuoni amemwuliza mbwa amefanya nini. Hakumwuliza rangi, wala kimo, wala manyoya ya mgongoni yameelekea wapi. Van Rooyen, pasipo kusoma fikihi, alikuwa katika madhehebu haya. Chama kikaondoka humo.

Na kiliondoka kwa sababu zinazofahamika. Kufikia mwaka 1922 simba walikuwa wamepungukiwa na nafasi karibu na mashamba ya Figtree na Mangwe, na walowezi walikuwa wanatafuta vitu vya kuitwa vyao. Tarehe 27 Oktoba ya mwaka huo huo walipiga kura kuamua kama nchi yao itiwe ndani ya Muungano wa Afrika Kusini au ijitawale chini ya Taji la Uingereza. Kura 8,774 zilitaka kujitawala na 5,989 zikataka muungano, na wenyeji wa nchi, waliokuwa wengi kuliko hao mara nyingi, takriban wote hawakuwa na kura. Sidai kwamba kura ilizaa chama au chama kilisaidia kura. Nasema kwamba watu wanaotaka kusadikisha kuwa wao ni taifa, mbali na jirani yao wa kusini aliye mkubwa na tajiri kuliko wao, huhitaji bendera, na ua, na wimbo, na hata mbwa. Na mbwa ambaye kwa haki angaliitwa wa Wakhoikhoi, au wa Rasi, au wa van Rooyen, akabatizwa kwa jina la Rhodesia. Simba naye akaachwa nje ya jina rasmi, ukabaki mgongo.

Mgongo huo, tuutazame kwa karibu. Ukimsimamisha Ridgeback aliye mzima mbele yako, ukapitisha kiganja toka mkiani kuja kichwani, utayainua manyoya ya mwili mzima isipokuwa yale ya katikati, ambayo yatalala mustarehe chini ya mkono. Ukirudi kwa njia uliyoijia, mwili utalala na mstari utasimama. Sheria inataka mstari huo uanzie nyuma ya mabega, uwe mpana huko na kuchongoka polepole mpaka kati ya mifupa ya nyonga, na upana wake ufike kadiri ya sentimita 5. Karibu na mwanzo wake manyoya hujizungusha mahali pawili, na mizunguko hiyo huitwa taji. Iwe miwili, si mmoja wala mitatu, ifanane, ielekeane sawasawa kulia na kushoto, na isishuke kupita theluthi ya urefu wa mstari. Dume awe na kimo cha sentimita 63 mpaka 69, jike 61 mpaka 66. Dume kilo 36 na nusu, jike 32. Na rangi iwe ya ngano, iliyofifia au iliyoiva hadi wekundu. Wenye marakaraka, waliokuwa miongoni mwa wengi siku ile ya maonyesho, wametoweka katika uwanja wa mashindano. Taji nazo si kitu ambacho simba angekitambua. Mbwa mwenye taji tatu hukimbia, hunusa na kupenda watoto wa nyumbani sawa na mwenye mbili; lakini mwenye mbili hupewa utepe, na mwenye tatu huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu asiyejali.

Kuenea kwa mbwa huyu nitakusimulia kwa haraka. Uingereza ilimwona katika maonyesho mwaka 1928, naye akawa kitu cha kustaajabiwa zaidi ya kufugwa, hata baada ya vita vikuu vya pili, maafisa na askari walipomjua Afrika ya Kusini wakamtaka. Chama cha Waingereza kikaundwa mwaka 1952. Marekani ikamkubali katika daftari zake mwaka 1955, akiwa ni mbwa wa namna ya 112. Bwana T. C. Hawley akakusanya habari za asili yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, na mengi yanayosimuliwa leo, pamoja na ushahidi wa Bwana Durham, yametoka humo. Shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa, lililo Ubelgiji, limempa nambari 146 na kuziachia Afrika Kusini na Zimbabwe ulezi wa maandishi yake, likamweka katika kundi la mbwa wa kunusa, ambalo baadhi ya wafugaji hawakulikubali, wakisema kwamba macho yake ndiyo yanayomwongoza. Kila baada ya miaka minne vyama vyake huwa na kongamano la dunia, na aghalabu mabishano makali zaidi huko huwa ni juu ya sentensi za Barnes.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Tangu mwanzo wafugaji waliona kwamba baadhi ya vilebu huzaliwa na kijitundu katika ngozi ya shingo, au nyuma karibu na mkia, tundu ambalo ndani yake mna mrija mwembamba unaoshuka kuelekea uti wa mgongo, wakati mwingine mpaka ndani ya utando wake. Mrija huo hukusanya uchafu, huvimba, hutunga usaha, na usipokatwa kwa upasuaji humtesa mnyama na kumuua. Mfugaji mwenye uzoefu huutafuta siku za kwanza kabisa: humshika kilebu mapajani, huinua ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada kama fundi cherehani anayetafuta uzi uliopotea ndani ya pindo, na ukiwapo huusikia. Vile vile waliona kwamba katika kila vilebu mia watano hivi huzaliwa bila ya mstari wowote. Hao hawakuwa na ugonjwa, hawakuwa na kasoro ya mguu wala jicho. Walikuwa na migongo ya mbwa wa kawaida, na kwa kosa hilo wengi wao, katika nchi nyingi na kwa miaka mingi, waliuawa na waliowazalisha, kwa kuwa mwongozo wa maadili wa baadhi ya vyama uliagiza hivyo.

Mwaka 2007 wataalamu wa Sweden, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walichapa matokeo ya uchunguzi wao. Mstari wa mgongoni hutokana na kipande cha urithi wa damu kilichojirudia mara mbili, chenye ndani yake jeni zinazoongoza ukuaji wa ngozi na manyoya mimba ingali changa. Ridgeback wa Afrika na yule wa Siam wote wanacho. Kilebu aliyepokea kipande hicho kwa mzazi mmoja huwa na mstari. Aliyepokea kwa wazazi wote wawili naye huwa na mstari, kwa macho hawatofautiani, lakini huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na ule mrija. Asiye na mstari hakukipokea kwa yeyote. Tafsiri yake haihitaji elimu kubwa: mbwa wenye mstari wakizalishwa kwa wenye mstari tu, kizazi baada ya kizazi, wenye vipande viwili huzidi kuwa wengi; lakini lau mwenye vipande viwili angelipandishwa kwa asiye na mstari, watoto wote wangelikuwa na kipande kimoja kimoja, wenye mgongo ule ule unaotakiwa na hatari iliyopungua. Dawa ilikuwamo katika kapu la vilebu waliokuwa wakiuawa.

Mwaka uliofuata televisheni ya BBC ikaonyesha filamu juu ya maradhi ya mbwa wa nasaba, na kanuni ya kuwaua vilebu wasio na mstari ikasomwa mbele ya watu ambao hawakupata kufikiri kwamba kitu kama hicho kimeandikwa. Ghadhabu ilikuwa kubwa, uongozi wa wafuga mbwa wa Uingereza ukaingilia kati, na chama cha Ridgeback cha nchi hiyo kikalifuta agizo. Nawaonea huruma kidogo wale wazee wa chama, maana wengi wao walikuwa wapenzi wa kweli wa mbwa, wanaoamka usiku wa manane kumkanda jike mwenye uchungu. Lakini walikuwa wamezaliwa wakakuta sentensi, na sentensi ikisha kurithiwa mara tatu huonekana ni sawa na maumbile. Dalili ya hayo ni kwamba mbwa mwenye mrija hupasuliwa na kusikitikiwa na wote, ilhali asiye na mstari alihesabiwa kuwa aibu ya nyumba.

Zimbabwe ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980 jina la Rhodesia likafutwa katika ramani, katika stempu na katika sarafu, na sanamu za Rhodes zikateremshwa. Yeye mwenyewe angali amezikwa juu ya majabali ya Matobo, kusini ya Bulawayo. Mbwa hakubadilishwa jina. Wafugaji wa Stockholm na Sydney na Chicago hulitamka kila siku bila ya kumkusudia mtu wala siasa, na pengine wengi wa vijana wao hawajui kuwa ni jina la nchi iliyokuwapo. Chama mzazi nacho kiliendelea, katika nchi iliyopungukiwa na wafugaji wake wa zamani kwa kuhama na kwa kufa, kikiwa na heshima kubwa duniani kuliko hesabu ya mbwa zake nyumbani.

Katika vijiji vya kusini mwa Afrika, mbali na viwanja vya mashindano, mbwa wa kienyeji wenye mstari mgongoni wangali wakizaliwa, mmoja katika vilebu sita, au wawili, au asiwepo kabisa, nao hufuatana na wachungaji na kulala penye jivu la moto. Huko Afrika Kusini kuna waliounda chama kwa ajili yao pia, wakiwaita Africanis, na chama hicho kimechagua njia ya peke yake: humtazama mbwa kama ni mzima, mwepesi na mwenye akili ya kuishi na watu, na hakikuandika rangi wala masikio wala taji. Ndugu wawili wa tumbo moja, mwenye mstari na asiye nao, huingizwa katika daftari lile lile, na mwenye kuwaandikisha haulizwi swali juu ya mgongo.